Uboho Hauchelewi, Chuma Ndicho Huchelewa

Ukichangia damu kwenye hema katikati ya jiji la Nairobi, utaambiwa urudi baada ya miezi mitatu ukiwa mwanamume, minne ukiwa mwanamke. Wengi hudhani huo ndio muda wa kutengeneza chembe mpya za damu. Sivyo. Chembe hutengenezwa kwa siku chache tu. Kinachochelewa ni madini ya chuma.

Umetoa mililita 450, ukapanda matatu ya Kangemi. Kabla hujafika Westlands, maji ya mwilini yameshaanza kuvutwa kuingia mishipani, na katika siku moja au mbili ujazo wa damu umerejea. Lakini ni damu nyepesi, ina upungufu wa chembe nyekundu. Figo zikihisi oksijeni imepungua, huongeza homoni iitwayo erithropoietini, nayo husafiri hadi kwenye uboho wa nyonga, kidari, mbavu na uti wa mgongo. Ndiyo maana mgonjwa wa figo hupungukiwa na damu hata akila vizuri: homoni haitoshi, hivyo hudungwa ya kutoka kiwandani.

Ndani ya uboho kuna seli shina chache, asili ya chembe nyekundu, chembe nyeupe na zile za kugandisha damu. Erithropoietini haiamshi seli shina zenyewe. Kazi yake ni kuokoa vizazi vyake vilivyokwisha kushika njia ya wekundu, ambavyo vingi vingejifia. Vikiokolewa hugawanyika mara kadhaa, kila mara vikizidi kuwa vidogo na kujaa himoglobini, protini yenye chuma inayobeba oksijeni. Mwishowe kila seli hutema kiini chake, na seli mlaji iliyo kando yake hukimeza papo hapo. Kinachobaki huingia mishipani na kukomaa kwa siku moja au mbili. Yote huchukua takriban wiki moja, na uboho wa mtu mzima hutoa chembe nyekundu zaidi ya milioni 2 kila sekunde.

Shida ni malighafi. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha wengu na ini huivunja na kurudisha chuma chake kwenye uboho. Chuma kilichoondoka na mfuko wa damu hakirudi, nacho ni miligramu 200 hadi 250. Hata matumbo yakifyonza miligramu 3 kwa siku, 1 hupotea. Kufidia 225 kunahitaji zaidi ya siku 110. Mwanamke hupoteza zaidi kila mwezi, na akiba yake huwa ndogo tangu mwanzo. Chai inayonywewa pamoja na ndengu nayo hupunguza chuma kinachofyonzwa. Afadhali inywewe baadaye.

Huduma yetu ya taifa ya damu ilianzishwa baada ya bomu la 7 Agosti 1998 katika ubalozi wa Marekani, siku ambazo wakazi wa Nairobi walipanga foleni kuchangia. Hadi leo inahitaji watu wanaorudi bila malipo, na hao ndio wanaonitia wasiwasi. Tone la damu linalotolewa kidoleni kabla ya kuchangia hupimwa himoglobini pekee. Mtu anaweza kupita kiwango cha gramu 12.5 kwa desilita huku akiba yake ya chuma imekwisha, kwa kuwa himoglobini hushuka mwisho. Kinachoonyesha akiba ni kipimo cha feritini, protini inayohifadhi chuma, na kwa maoni yangu kila mchangiaji wa kudumu anastahili kupimwa walau mara moja kwa mwaka.