Urithi wa Wazimu na Maneno Yanayoueleza

Katika maandishi ya Kiswahili yahusuyo magonjwa ya akili, maneno matatu hukaririwa sana: kurithi, mwingiliano na hatari. Yote ni Kiswahili safi. Walakini yakitumiwa pamoja kueleza jinsi jeni zinavyoujenga ubongo, humpa msomaji maana ambayo sayansi haikuikusudia.

Tuanze na kurithi. Mtu hurithi shamba au mikorosho: kitu kizima, hutoka mkono huu kikaingia mkono ule. Kwa hiyo asomaye kwamba skizofrenia hurithiwa hufahamu kuwa mtoto hukabidhiwa ugonjwa wenyewe. Sivyo. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2022 ulikuta sehemu 287 za urithi zinazohusiana na maradhi hayo, na karibu kila moja nguvu yake ni ndogo mno. Mtoto ambaye mzazi wake mmoja anaugua hupatwa kwa kadiri ya 10 katika 100. Wengi hawapatwi kabisa. Kinachorithiwa ni mwelekeo, si maradhi.

Neno la pili lina kasoro ya namna nyingine. Mwingiliano latokana na kuingiliana, nalo lasema tu kwamba vitu viwili vimeingia kila kimoja katika eneo la mwenziwe. Halisemi kazi ya kimoja inabadilikaje kwa kuwapo kwa kingine. Mathalan jeni iitwayo C4. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba aina zake zifanyazo kazi kwa wingi huongeza kidogo uwezekano wa skizofrenia, na kwamba katika panya jeni hiyo husaidia kupogoa viungo vya neva ubongo unapokua. Lakini C4 haipogoi peke yake: protini yake huiamsha protini ya jeni nyingine, C3, ndipo kiungo kitiwe alama na kuondolewa. Huku si kuingiliana tu. Ni kutegemeana, na Kiswahili kinalo neno hilo tangu zamani.

Neno la tatu ndilo lenye madhara makubwa. Mtaalamu aandikapo kwamba fulani "ana hatari ya ugonjwa wa akili", hukusudia uwezekano. Msomaji husikia kwamba mtu huyo ni wa kuogopwa. Tangini, Kibaha, kama kwingineko Pwani, posa ikiletwa wazee huchungua kama katika ukoo wa pili mna kifafa au wazimu. Hapo "ukoo wenye hatari" hauwi tena habari ya hesabu. Huwa hukumu, na binti mzima wa akili na mwili huweza kukosa mume kwa ajili ya neno moja lililochaguliwa vibaya.

Yaweza kujibiwa kwamba maneno haya yamekwisha kuzoeleka. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama yangebaki vitabuni. Lakini uchunguzi wa jeni za magonjwa ya akili umekwisha kufika Kilifi na Eldoret, na aombwaye kutoa mate yake yapimwe hutoa ridhaa yake kwa maneno anayosomewa. Ridhaa haizidi ufahamu. Basi yapasa kuandika mwelekeo badala ya urithi wa ugonjwa, kutegemeana badala ya mwingiliano, na uwezekano badala ya hatari. Hakuna neno hapa la kubuniwa. Kinachotakiwa ni uangalifu wa kuchagua.