Pongezi kwa Baraza la Ardhi la Kijiji

Katika Ulaya ya zama za kati, mkulima asiye huru alilima siku kadhaa za wiki shambani kwa bwana, akatozwa ada hata alipomwoza binti yake. Akigombea mpaka na jirani, kesi ilisikilizwa katika mahakama ya bwana yuleyule, chini ya msimamizi wake. Hapa Tanzania, Kagera ilikuwa na nyarubanja: waliotunza migomba kwenye ardhi ya mkubwa walimpelekea ushuru, mpaka sheria za 1965 na 1968 zilipouvunja mfumo huo.

Ndiyo maana nalipongeza Baraza la Ardhi la Kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka wajumbe saba, watatu wao wanawake, waliothibitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Hawafungi mtu, wanapatanisha. Mkulima anasikilizwa mbele ya wenzake, si mbele ya mwenye shamba.

Huku kwetu Pwani, kuanzia Janga na Mlandizi hadi vijiji vya Kisarawe, Dar es Salaam inazidi kusogea na ardhi inatafutwa na wengi. Mjane anayetishiwa kunyang'anywa mikorosho ya marehemu mumewe anahitaji pa kusemea karibu na nyumbani, bila nauli wala wakili. Wajumbe wanampa nafasi hiyo, na wanawake watatu wamo kumsikiliza.

Hongereni, wajumbe. Halmashauri ziwape mafunzo na posho inayolingana na uzito wa kazi yenu.