Faraja Isiyoficha Kidonda

Jirani akifiwa, sisi sote twaijua njia ya kwenda kwake. Twaingia, twampa mkono, twasema: Pole, ni mapenzi ya Mungu. Kisha twakaa kidogo na kurudi makwetu. Hatuna ubaya moyoni. Lakini katika nchi ya Beni, ambako tangu Oktoba 2014 watu wengi mno wameuawa kwa mapanga mashambani na vijijini, tutasemaje mbele ya mjane? Je, panga la mwuaji nalo ni mapenzi ya Mungu? Hapo maneno yetu yatushinda. Kwa hiyo tumeona vema kuisoma upya barua moja ya mchungaji aliyetulea, tuone jinsi alivyofanya kazi mbili pamoja, yaani kufundisha na kufariji.

Mhashamu Emmanuel Kataliko alikuwa Askofu wa Beni-Butembo tangu 1966 hata 1997. Wengi humkumbuka kwa mambo yaonekanayo kwa macho, kama Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989. Ni haki kumshukuru. Lakini mwalimu hupimwa pia kwa neno lake siku ya hatari. Mwaka 1997 alipewa jimbo kuu la Bukavu, mahali pa Mhashamu Christophe Munzihirwa aliyeuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Agosti 1998 vita vikawaka tena, na Bukavu ikatawaliwa na waasi wa RCD. Noeli ya 1999 ilipokaribia, Baba Askofu aliwaandikia waamini wake barua.

Barua yenyewe yaanza na nabii Isaya, sura ya 40, mahali ambapo Mungu aagiza watu wake wafarijiwe. Msomaji angengoja maneno matamu ya sikukuu. Hayaji upesi. Kwanza mwandishi ataja mzigo: watu wameporwa, wameteswa, wameuawa, na mali ya nchi yao imekuwa chakula cha vita. Ataja wageni wafanyao hayo. Kisha ataja ndugu zetu Wakongo washirikianao nao. Na asimame hapo? La. Ageukia pia nyumba yake mwenyewe, akikiri kwamba hata ndani ya Kanisa mna ugomvi wa ukubwa na wa makabila.

Kwa maoni yetu, hilo la tatu ndilo jambo kubwa katika barua hii. Kumlaumu mgeni ni rahisi, nao wasikilizaji hupiga makofi. Mwalimu wa kweli hujiweka naye katika hesabu. Wahenga wasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Baba Askofu hakuficha maradhi, wala ya jirani wala ya kwake. Ndipo maneno yake juu ya matumaini, yale ya Mtume Paulo kwa Warumi, yapatapo uzito, maana msomaji amekwisha kuona kwamba huyu amsemeshaye anajua paumapo.

Tena faraja yake ina gharama. Aahidi kusimama upande wa walioonewa, hata ikibidi kumwaga damu kama Munzihirwa. Ahadi hiyo haikukaa karatasini tu. Tarehe 12 Februari 2000 wakuu wa RCD walimzuia kurudi Bukavu, wakamhamishia Butembo. Walimtupa kwa watu wake wa zamani, sisi tukampokea kama baba arudiye nyumbani. Lakini moyo wake ulikuwa kwa kundi aliloachishwa. Alirudishwa Bukavu tarehe 14 Septemba. Tarehe 4 Oktoba 2000 alifariki huko Roma. Hakukaa na kundi lake hata mwezi mmoja.

Je, barua haina upungufu? Tunaona mmoja. Yasema na taifa lote, na mkutano mkubwa kanisani. Haituonyeshi namna ya kuketi na mtu mmoja, mama asiyelala usiku, mtoto aliyeona baba yake akiuawa. Labda barua ya Noeli si mahali pa somo hilo. Lakini sisi tulioisoma hatukuliongeza, nalo lilitugharimu.

Kumbukeni ugonjwa wa Ebola, tangu Agosti 2018 hata Juni 2020. Katika nchi yetu watu zaidi ya 2,200 walikufa, wengi wao huku Beni na Butembo. Mafundisho yalikuwa mengi: nawa mikono, usimguse maiti, mpeleke mgonjwa hospitali. Yote yalikuwa kweli, yaliokoa wengi. Lakini aliyekatazwa kumwosha mama yake aliyekufa alihitaji pia mtu wa kumsikiliza analia. Mara nyingi hakumpata, wala kwetu wanaparokia. Hasira na uvumi vikakua. Februari 2019 vituo vya wagonjwa vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Sababu zilikuwa nyingi, na vita ilikuwamo. Lakini hatuwezi kujitoa katika hesabu, kama vile Baba Askofu hakujitoa.

Basi tungependa barua hii isomwe katika mafunzo ya makatekista, katika seminari na katika jumuiya ndogo, lakini isomwe pamoja na zoezi. Baada ya kuisoma, kila mmoja aende kwa mfiwa mmoja, aketi, anyamaze kwanza. Amwache aseme jina la marehemu na jinsi alivyokufa, hata kama ni vigumu kusikia. Asimwambie kwamba panga lilitoka kwa Mungu. Akiisha kusikia yote, ndipo asali naye, na kesho yake arudi tena kumtazama.