Bei Kabla ya Haki: Kosa la Mnunuzi wa Nyumba wa Mara ya Kwanza

Mapatano ya bei ya nyumba yana hatua nne. Kwanza huchunguzwa haki ya muuzaji, kisha thamani ya kinachouzwa, halafu ofa hutajwa na kutetewa, na mwisho makubaliano huandikwa. Kwenye mwambao wa Ziwa Mweru upande wa Zambia, kuanzia Nchelenge na Kashikishi hadi Kenani, mnunuzi wa mara ya kwanza huruka mbili za mwanzo na kuanzia ya tatu: anataja bei kabla ya kujua kama anayezungumza naye ana cha kuuza. Uamuzi huo ni kosa la wazi, na ustadi wowote utakaofuata hautaweza kuurekebisha.

Mandhari yenyewe yanajulikana. Dalali anatangulia uani, mnunuzi anafuata. Nyumba ni ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu, mabati yameanza kushika kutu pembezoni, sakafu ya saruji ina ufa kuanzia mlangoni hadi katikati ya sebule. Mwenye nyumba anasema kwacha elfu mia moja na ishirini. Mnunuzi anatazama juu, anatazama chini, kisha anasema: "Mzee, mimi nina elfu tisini tu." Dalali anatabasamu. Jirani aliyeegemea ua amesikia. Hakuna aliyeuliza kiwanja kiko chini ya nani, mpaka wake unapita wapi, wala kama mke wa mzee anajua kwamba nyumba inauzwa.

Kwa sentensi hiyo moja mnunuzi amepoteza mambo ambayo hayarudi. Elfu tisini imegeuka kuwa sakafu ya bei: kuanzia hapo mazungumzo yatapanda, hayatashuka. Tena kiasi hicho hakikutokana na nyumba, kimetokana na mfuko wake. Muuzaji hakuambiwa nyumba ina thamani gani, ameambiwa mnunuzi ana uwezo gani, na kazi yake sasa ni kutafuta kwacha elfu kumi au kumi na tano ambazo shemeji au kaka anaweza kuongeza. Mnunuzi akigundua kesho kwamba mabati yanavuja au mpaka una ugomvi, akisema hayo ataonekana mtu wa kurudi nyuma aliyekwisha kutoa neno mbele ya watu. Kasoro ambayo jana ingekuwa hoja ya bei, leo ni lawama. Hata kwenye soko la Kashikishi samaki hufunuliwa mashavu kwanza, ndipo bei itajwe. Nyumba inayogharimu akiba ya miaka kumi haistahili uangalifu mdogo kuliko huo.

Dalali naye asihesabiwe kuwa upande wa mnunuzi. Malipo yake hutegemea biashara kukamilika, na mara nyingi hukua bei inapokua. Anapomnong'oneza mnunuzi kwamba kuna mtu mwingine anakuja jioni na pesa taslimu, anafanya kazi yake. Kazi ya mnunuzi ni kutotaja kiasi chochote kabla jioni hiyo haijapita.

Hatua ya kwanza, basi, ni haki, na mwambao huu una sababu zake za kuitanguliza. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Zambia ya 1995, ardhi yote imekabidhiwa kwa Rais. Mtu anaweza kuwa na hati ya kukodishiwa na serikali kwa muda usiozidi miaka 99, au anaweza kukaa kwenye ardhi ya kimila chini ya chifu na mkuu wa kijiji bila hati ya serikali. Nyumba nyingi za kando ya ziwa ni za aina ya pili. Ardhi ya kimila inaweza kugeuzwa kuwa ya hati kwa idhini ya chifu na kupitia halmashauri. Ile ambayo tayari ina hati haiuzwi bila idhini ya serikali, na sheria inasema idhini hiyo ikikaa siku 45 bila kujibiwa huhesabiwa imetolewa. Elfu tisini kwa nyumba yenye hati na elfu tisini kwa nyumba ya kimila ni bei mbili tofauti za vitu viwili tofauti. Anayetaja kiasi kabla ya kujua ni kipi amebahatisha.

Kwa mnunuzi aliyetoka ng'ambo ya ziwa jambo hili lina uzito wa ziada. Kenani ilijulikana mwaka 2017, ilipokuwa kituo cha kupokea wakimbizi kutoka Kongo, na mwanzoni mwa 2018 familia zilianza kuhamishiwa makazi ya Mantapala. Huko viwanja hugawiwa, haviuzwi. Anayeambiwa ananunua kiwanja cha Mantapala anauziwa kitu ambacho muuzaji hana. Nje ya makazi hayo, sheria ya 1995 inaweka masharti kwa asiye Mzambia: awe mkazi wa kudumu, au mwekezaji aliyeidhinishwa, au awe na kibali cha Rais kwa maandishi, au aingie kwenye mojawapo ya makundi machache mengine yaliyotajwa. Aliyezoea parsele, yaani kiwanja, ya Pweto au Lubumbashi upande wa Kongo, ambako sheria ya 1973 ilifanya udongo kuwa mali ya serikali na cheti cha usajili kuwa ndicho ushahidi wa haki, asidhani karatasi ya mkuu wa mtaa inafanya kazi sawa pande zote mbili za ziwa. Ajiulize kwanza kama yeye mwenyewe anaruhusiwa kununua.

Nyumba za urithi zinahitaji uangalifu mkubwa kuliko zote. Sheria ya Mirathi Isiyo na Wosia ya 1989 inampa mjane na watoto haki juu ya nyumba ya familia, na inagawa mali nyingine kwa asilimia: watoto 50, mjane 20, wazazi 20, wategemezi 10. Lakini sheria hiyo haigusi ardhi iliyoshikiliwa kimila wakati wa kifo. Hapo mila ndiyo inayoamua, na katika Luapula koo nyingi hufuata upande wa mama, hivyo mpwa wa marehemu anaweza kuwa na neno kuliko mwanawe. Mjane anaweza kuuza kwa nia njema, mnunuzi akalipa kwa nia njema, na mpwa akafika mwaka mmoja baada ya mazishi akiwa na mkuu wa kijiji. Bei nzuri haimzuii mpwa huyo. Anayemzuia ni mnunuzi aliyeuliza mapema ni nani wote wenye sauti, akawakutanisha, akawasikia kwa masikio yake.

Zambia ina mfano wa namna kazi hii inavyofanywa, na ni jambo la kusikitisha kwamba haufundishwi kwa wanunuzi wa leo. Mwaka 1964, nchi ikielekea uhuru wa tarehe 24 Oktoba, Kampuni ya British South Africa ilikuwa bado inapokea mrabaha wa madini yote ya Rhodesia ya Kaskazini, kama Zambia ilivyoitwa wakati huo, na kwa makubaliano ya 1950 ingeendelea kuupokea hadi 1986. Serikali mpya ilitaka haki hiyo. Mshauri wa kawaida angeanza na hesabu: mrabaha wa miaka 22 una thamani gani, na nchi ina kiasi gani. Kenneth Kaunda na waziri wake wa fedha, Arthur Wina, hawakuanzia huko. Walianza na swali la nani aliyeiuzia kampuni. Waraka wa serikali uliotolewa Septemba mwaka huo uliichambua mikataba ya 1890 na miaka iliyofuata, ukaonyesha kwamba idhini ya Mfalme Lewanika wa Barotse, iliyobebeshwa madai ya Ukanda wa Shaba, ilitolewa na mtawala ambaye enzi yake haikufika huko.

Kufikia mkesha wa uhuru, kampuni iliyokuwa ikizungumzia makumi ya mamilioni ya pauni ilikubali milioni 4, nusu kutoka Zambia na nusu kutoka Uingereza. Hakuna ufundi wa kupunguza bei uliofanya kazi hiyo. Haki ya muuzaji ilipotikiswa, bei ilianguka yenyewe. Wina alikuwa mnunuzi wa mara ya kwanza, mwenye hazina changa, mbele ya kampuni yenye uzoefu wa miaka 75, na hakutaja kwanza kilichokuwa mfukoni mwake. Wapatanishi wa kiwango hicho hawajaonekana tangu wakati huo.

Waliofuata walifanya kinyume. Serikali ya Frederick Chiluba ilipoamua mwaka 1996 kuwauzia wapangaji nyumba za halmashauri walizokuwa wakiishi, watu wengi walipata nyumba zao za kwanza, na hilo lilikuwa jema. Lakini bei ilikuja imeandikwa, chini sana ya soko, na kizazi kizima kikawa wenye nyumba bila kupatana hata mara moja. Migodi ya ZCCM, kampuni ya serikali ya shaba, nayo ilikuwa na mnunuzi mwenye ofa nono, mazungumzo yakavunjika mwaka 1998, na iliyokuja kuuzwa mwaka 2000 iliuzwa kwa masharti dhaifu zaidi. Mwaka 2004 kampuni ya Vedanta ilichukua asilimia 51 ya migodi ya shaba ya Konkola kwa dola milioni 25. Katika video iliyosambaa mwaka 2014, mwenyekiti wake, Anil Agarwal, alisimulia kwamba aliombwa milioni 400. Muuzaji alikuwa ameonyesha kwamba lazima auze, na hilo ndilo kosa lilelile la elfu tisini likifanywa kutoka upande wa pili: kufunua hali ya mfuko kabla ya kujadili kitu. Wala urahisi wa bei haukuleta amani, kwa kuwa Mei 2019 serikali iliiweka Konkola chini ya mfilisi wa muda.

Hatua ya pili ni thamani. Kuanzia 1975 sheria ya Zambia ilisema ardhi tupu haina bei, kinachouzwa ni kilichojengwa juu yake. Sheria ya 1995 iliiondoa kanuni hiyo. Kwenye ardhi ya kimila, hata hivyo, hesabu ya zamani bado ndiyo ya haki: mnunuzi ahesabu tofali, mabati, milango, saruji, kisima, miembe, kisha atoe gharama ya kutengeneza yaliyoharibika. Ichukuliwe ile nyumba ya elfu mia moja na ishirini. Ikiwa kuezeka upya ni elfu kumi na nane, sakafu elfu saba, na kupima mpaka pamoja na safari za halmashauri elfu tano, mnunuzi ana elfu thelathini za kuelezea, na kila moja ina sababu inayoonekana kwa macho. Kupeleka fundi wa kuezeka akague kabla ya hesabu hiyo ni jambo jema.

Msimu nao ni sehemu ya thamani. Uvuvi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, na Januari shule hufunguliwa. Anayeuza miezi hiyo mara nyingi ana shida ya pesa. Mnunuzi anaweza kupata bei ya chini wakati huo, lakini bei iliyokamuliwa kutoka kwa mtu mwenye njaa hurudi kudaiwa mbele ya mkuu wa kijiji mavuno ya samaki yakirejea. Ofa inayosimama juu ya gharama za nyumba hudumu kuliko inayosimama juu ya dhiki ya muuzaji.

Hatua ya tatu ni ofa. Itajwe mara moja, ikiwa na sababu zake: "Mzee, nimehesabu paa, sakafu na mpaka. Ninaweza kutoa elfu tisini." Mnunuzi awe ameamua nyumbani, na mwenzi wake, kiwango ambacho hatavuka, na kiwango hicho kisijulikane uani. Muuzaji akishuka, mnunuzi apande kidogo kuliko muuzaji alivyoshuka. Kama bei imekwama, yapo mengine ya kupatana: malipo ya awamu, tarehe ya kuhama, milango na tangi la maji kubaki, na kodi ya uhamisho wa mali, ambayo kisheria ni ya muuzaji ingawa wanunuzi wengi huibeba bila kuuliza. Kuondoka bila kukubaliana pia ni hatua halali ya mapatano.

Hatua ya nne ni maandishi. Sheria ya Uingereza ya 1677 inayotaka mikataba ya ardhi iandikwe bado inatumika Zambia, na mkataba wa nyumba yenye hati usiposajiliwa masjala hauna nguvu. Kwa nyumba ya kimila, karatasi iandikwe mbele ya mkuu wa kijiji, majirani wa pande zote za mpaka, na kila mwenye haki katika familia ya muuzaji, kila mmoja atie sahihi au dole gumba. Arabuni isizidi sehemu ndogo ya bei, kwa kawaida asilimia 10, na karatasi iseme itarudishwa haki ya muuzaji ikikutwa na kasoro. Salio lilipwe idhini zote zikishapatikana, si kabla. Mnunuzi aliyefuata mpangilio huu anaweza kulipa zaidi kidogo ya jirani yake, lakini nyumba aliyolipia itakuwa yake.