Robo ya Milimita

Gari linalokula oili halihitaji mtangazaji. Kwenye foleni ya asubuhi Ngong Road, dereva aliye nyuma yake hupandisha kioo, na mwendeshaji wa bodaboda huhepa upande. Mwenyewe ameshazoea. Kwenye buti pana kibuyu cha oili, na kila akisimama kujaza petroli hufungua boneti, huchomoa kijiti cha kupimia, hukifuta kwa kitambaa, kisha humimina. Ukimuuliza atakwambia gari limezeeka. Fundi haridhiki na jibu hilo. Uzee ni habari ya gari zima, ilhali moshi wa samawati una mahali unapotokea, na aghalabu mahali penyewe ni vipande vichache vya chuma vyembamba kuliko penseli. Kazi ya kuvibadilisha ndiyo ninayotaka kuisifu hapa, kwa sababu ni kazi ambayo ikifanywa vizuri hakuna atakayeiona.

Kazi hiyo hufanywa, kwa mfano, Mashimoni, mojawapo ya vijiji vya Kibera. Gereji za huku, kama zile za Kawangware kandokando ya Barabara ya Naivasha, hazina kuta wala shimo la zege la kuingilia chini ya gari. Zina uwanja wa udongo mweusi uliokolea oili, mabati mawili matatu ya kukinga mvua, matairi ya kukalia, na sanduku la spana ambalo jioni hufungiwa kwa jirani. Ni katika uwanja wa namna hii ambapo injini iliyoundwa Japani kwa vipimo vya sehemu za mia za milimita hushushwa, hufunguliwa na kurudishwa ikiwa nzima.

Tuchukue injini ya Toyota iitwayo 1NZ, iliyomo kwenye Probox na Fielder nyingi zinazozunguka Nairobi. Ina silinda nne, kila moja ina upana wa milimita 75. Ndani yake pistoni hupanda na kushuka, na ikizunguka mara 3,000 kwa dakika kila pistoni hupanda mara 50 na kushuka mara 50 kwa sekunde moja. Juu yake moto unawaka kwa joto linalopita nyuzi 2,000; chini yake oili inarushwa huku na huko. Pistoni yenyewe haigusi silinda sawasawa, maana ikibana itakwama. Kinachotenganisha moto na oili ni ringi tatu zilizokaa kwenye mifereji ya pistoni. Mbili za juu huzuia hewa iliyogandamizwa isiteremke. Ya tatu hupangusa oili ukutani na kuirudisha kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kupitia vitundu vidogo, ikiacha utando mwembamba tu wa kulainisha njia. Ringi hizo zikiisha au zikiganda, oili hupanda, huungua, na jirani hupandisha kioo.

Ringi ya chuma ina umri mkubwa kuliko gari. Mashine za mvuke za zamani zilizibwa kwa katani iliyosukwa na kupakwa mafuta, nayo ilichakaa upesi. Katika miaka ya 1850 mhandisi wa treni Mwingereza, John Ramsbottom, alitengeneza ringi ya chuma iliyokatwa mahali pamoja ili itanuke yenyewe na kukumbatia ukuta wa silinda. Kwa hiyo kifaa kinachomshughulisha fundi wa Mashimoni kilianza maisha kwenye reli, na reli ndiyo hiyo inayokatiza Kibera, imepakana na vibanda kwa hatua chache.

Mbona ringi huisha mapema katika mji huu? Wenye magari huhesabu kilomita, na kilomita hudanganya. Gari likikaa saa mbili kwenye msongamano, mita ya mwendo haisogei lakini pistoni zinaendelea kupanda na kushuka, na oili inazidi kupata moto. Ongeza vumbi la njia za ndani linaloingia kupitia kichujio cha hewa kilichochanika. Ongeza rediata iliyovuja siku moja injini ikachemka. Juu ya yote, ongeza oili isiyobadilishwa kwa wakati: huwa nzito, hugeuka masizi magumu, huziba vile vitundu vya ringi ya tatu na kuigandisha kwenye mfereji wake. Wakati mwingine ringi haijalika hata kidogo. Imekwama tu, haiwezi tena kutanuka. Na magari mengi hufika bandari ya Mombasa yakiwa yameshatumika miaka kadhaa kwingine, kwa hiyo mnunuzi hununua pia uzembe asioujua wa mtu asiyemjua.

Sifa ya kwanza ya fundi hodari ni kutofungua injini kabla ya kuuliza. Nimewahi kumsikiliza mmoja akimhoji mteja aliyekuja amekata shauri.

"Mkubwa, moshi unatoka saa ngapi? Asubuhi ukiwasha, ama ukikanyaga mafuta kwa mlima?"

"Yote, fundi."

"Hapana, fikiria vizuri. Ukiwasha asubuhi inatoka kidogo halafu inaisha? Ama ukipandisha pale Dagoretti Corner ndiyo inafuka?"

Hayo si maswali ya kupoteza wakati. Moshi unaotoka asubuhi na kukatika mara nyingi hutokana na sili za valvu zilizokauka, kazi ndogo zaidi na ya gharama nafuu. Moshi unaozidi kadiri injini inavyobeba mzigo ndio unaoelekeza kidole kwenye ringi. Kisha fundi hufungua kifuniko cha kumiminia oili injini ikinguruma: pumzi ikipuliza kwa mikupuo, ni moto unaoteremka mahali usipotakiwa. Mwisho huchomoa plagi, hufunga geji ya kompresheni, na kupima silinda moja baada ya nyingine. Iliyo dhaifu huimiminia oili kijiko kimoja, akapima tena. Mshale ukipanda, oili imeziba pengo kwa muda, na ringi ndizo zenye hatia. Usipopanda, atazitazama valvu. Kwa kijiko hicho kimoja mteja anaweza kuokolewa maelfu ya shilingi.

Wapo wanaotafuta njia ya mkato: oili nzito kupita kiasi, au chupa ya dawa ya moshi inayouzwa dukani. Moshi hupungua wiki moja, na wauza magari wasio waaminifu hawahitaji zaidi ya wiki moja. Lakini cha kuvunda hakina ubani.

Injini ikishashushwa na hedi, kifuniko cha silinda, kutolewa, kazi huwa ya mpangilio. Kila pistoni huwekwa alama ya silinda yake, na kila kofia ya konrodi, ule mkono ulioshika pistoni, hubaki na konrodi yake, tena kwa upande ule ule. Zikichanganywa, beringi hazitakaa. Spana boi anayejifunza hupewa kazi ya kuosha kwa petroli na kupanga kila kitu juu ya gunia kwa mpangilio wa 1, 2, 3, 4. Kabla ya kuisukuma pistoni juu, fundi hupitisha ukucha kwenye mdomo wa silinda. Akihisi ukingo, hapo ndipo safari ya ringi ilipokuwa ikiishia, na kimo cha ukingo humwambia ukuta umelika kiasi gani.

Halafu huja jambo ninalolipenda kuliko yote. Mifereji ya pistoni imejaa masizi yaliyoshikana kama lami, na ringi mpya haziwezi kukaa humo. Kuna kifaa maalumu cha kuyakwangua, lakini gereji nyingi hazina. Fundi huchukua ringi ile ile iliyochakaa, huivunja vipande viwili, hunoa ncha yake kwa tupa hadi iwe na makali ya mraba, na kuizungusha ndani ya mfereji ilimokaa miaka yote. Hakuna kifaa kinachotosha mfereji huo barabara kuliko hicho. Huenda polepole, kwa maana pistoni ni ya alumini na mkono mzito huila. Unga mweusi hudondoka, na vile vitundu vya kurudishia oili huanza kuonekana kimoja kimoja. Huvizibua kwa waya mwembamba, akaielekeza pistoni kwenye jua na kuchungulia kama mwanga unapita.

Ringi mpya hufika kutoka Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan, zikiwa zimefungwa kwa karatasi yenye oili. Asiyejua huzivisha moja kwa moja. Anayejua huchukua kila moja, huiingiza kwenye silinda itakamokaa, na kuisukuma ndani kwa kichwa cha pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa bila kuinama. Kisha hupenyeza bati jembamba la kupimia kati ya ncha zake mbili. Kwa silinda ya kiasi hiki, ringi ya juu hutaka pengo la robo ya milimita, au zaidi kidogo. Mteja anayetazama hushangaa: tumekuja kuziba, mbona unaacha tundu? Ni kwa sababu chuma kikipata moto hurefuka. Waliotandika reli za zamani waliacha nafasi kati ya vipande viwili vya chuma kwa sababu hiyo hiyo. Ringi isiyoachiwa nafasi itagusana ncha kwa ncha, haitakuwa na pa kwenda, nayo itakatika au itachana ukuta. Ikiachiwa nafasi kubwa mno, moto utapita na moshi utarudi. Ufundi wote umo katika kujua kiasi.

Hapo pia ndipo uaminifu hupimwa. Ukuta wa silinda ukiwa mzima, hukwaruzwa kidogo kwa mawe ili upate mistari iliyopishana ya kushikilia oili na kuzoeza ringi. Lakini ukiwa umelika upande mmoja, silinda si duara tena, na ringi mpya ya duara haiwezi kuziba umbo la yai. Itabidi bloku ipelekwe karakana ya mashine, itanuliwe, na zinunuliwe pistoni na ringi za saizi iliyo juu. Mteja hana pesa. Fundi ana watoto shuleni. Ni rahisi kuvisha ringi, kufunga, kupokea malipo. Gari litatoka bila moshi, na litarudi baada ya miezi mitatu. Fundi anayestahili jina hilo husema hapana mchana huo huo, hata kama mteja ataondoka na injini yake kwenye mkokoteni.

Asiyesema hapana hana wa kumshuhudia. Ringi zikishavishwa, alama zake zikitazama juu na mapengo yake yakitawanywa yasifuatane, pistoni hubanwa kwa mkanda wa bati na kugongwa taratibu kwa mpini wa nyundo mpaka izame. Hedi hufungwa. Kuanzia hapo kila alichofanya kimezikwa. Rangi mbaya huonekana, mlango uliopinda hugoma kufunga. Pengo la ringi halionekani na mtu yeyote.

Mengi yameandikwa juu ya mafundi hawa wa jua kali. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya iliufanya ulimwengu uitazame sekta isiyo rasmi kwa heshima, na waraka wa bunge nambari 2 wa mwaka 1992 uliwataja jua kali kwa jina. Mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, ipo, ya daraja la tatu hadi la kwanza, na kijana aliyejifunza juu ya gunia anaweza kuifanya. Aifanye. Cheti kitamfungulia milango ambayo mikono yake peke yake haiwezi kuifungua.

Nawe mwenye gari, mlipe fundi muda wa kupima, si wa kufunga tu. Akikwambia bloku iende karakana, usimtafute mwingine atakayekuambia unachotaka kusikia. Kilomita 1,000 za kwanza usilikimbize gari wala usiliache likinguruma bure, kisha badilisha oili, na uendelee kuibadilisha kwa wakati. Ringi mpya haifi kwa uzee. Huuawa na mwenyewe.