Mtaji wa Pamoja, Ghala la Chumbani: Uchambuzi wa Chakula cha Akiba Bertrams

Bertrams ni mtaa wa zamani upande wa mashariki wa katikati ya Johannesburg, jirani na uwanja wa Ellis Park. Nyumba zake nyingi zilijengwa kwa ajili ya familia moja, lakini leo zimegawanywa vyumba, na katika vyumba hivyo wanaishi wenyeji wa Afrika Kusini pamoja na wageni kutoka Zimbabwe, Kongo na nchi nyingine za bara hili. Mpangaji wa chumba kimoja anajua kwamba gunia ni rahisi kuliko pakiti. Kinachomkwamisha ni fedha ya kulilipia gunia kwa mkupuo, na mahali pa kuliweka likishafika.

Watu wa kipato kidogo katika jiji hili wamepata njia ya kuvuka vikwazo hivyo viwili, na njia hiyo inafaa kuchambuliwa hatua kwa hatua. Msimamo wangu ni huu: bei huteremshwa na mtaji wa pamoja, na faida yake hulindwa na uhifadhi. Ukikosa kimoja, cha pili hakikusaidii.

Kikapu chenyewe

Tuanze na kile kinachonunuliwa. Kundi la utafiti la Pietermaritzburg Economic Justice and Dignity hufuatilia kila mwezi bei za vyakula 44 katika miji kadhaa, Johannesburg ikiwamo. Kikapu chao kilipangwa pamoja na akina mama wa kipato cha chini, kwa kaya ya watu saba. Ndani yake mna unga wa mahindi kilo 30, mchele kilo 10, unga wa ngano kilo 10, sukari kilo 10, maharage kilo 5, mafuta ya kupikia lita 5, viazi kilo 10 na vitunguu kilo 10. Mwaka 2024 kikapu kizima kiligharimu zaidi ya randi 5,000 kwa mwezi.

Ukikitazama vizuri, sehemu kubwa ya uzito wake ni vyakula vikavu. Hivyo ndivyo vinavyofaa kununuliwa kwa wingi. Nyama ya kujaza friza ina hatari yake katika nchi iliyopitia migao mikali ya umeme mwaka 2022 na 2023. Mboga za majani nazo ni za kununua kidogo kidogo. Bertrams penyewe, ushirika wa Bambanani, ulioanzishwa na mama Refiloe Molefe, ulilima mboga katikati ya mtaa kwenye viwanja vya zamani vya mchezo wa bowling, na majirani wakanunua shambani.

Kodi inavyoelekeza mkono

Kodi ya ongezeko la thamani Afrika Kusini ni asilimia 15 tangu Aprili 2018. Lakini vyakula kadhaa vya msingi vinatozwa asilimia sifuri: unga wa mahindi, mahindi yaliyokobolewa, mchele, maharage makavu, dengu, mafuta ya mimea isipokuwa ya zeituni, mayai, maziwa, pamoja na samaki aina ya pilchard wa kopo. Unga mweupe wa ngano uliongezwa kwenye orodha hiyo Aprili 2019.

Mnunuzi wa akiba ana mambo mawili ya kujifunza hapo. Kwanza, maharage makavu hayana kodi, lakini yakishapikwa na kutiwa kopo yanatozwa asilimia 15. Anayeloweka maharage usiku na kuyapika mwenyewe anakwepa kodi hiyo kihalali. Pili, kwa kuwa unga na mchele havina kodi dukani, tofauti ya bei kati ya duka na duka inatokana na gharama za ufungashaji, usafiri na faida ya muuzaji. Hizo ndizo gharama zinazopunguzwa na ununuzi wa jumla. Kwa hiyo kipimo cha haki ni bei ya kilo moja. Tuseme mfuko wa kilo 10 ni randi 120 na wa kilo 25 ni randi 275: kilo ni randi 12 upande mmoja na 11 upande wa pili. Ukilipa nauli ya randi 30 kuufuata mfuko mkubwa, ile randi 25 uliyookoa imekwisha na umeongeza hasara ya randi 5.

Vyanzo

Kwa viazi na vitunguu, chanzo kikuu ni soko la mazao la jiji lililoko City Deep, kusini-mashariki ya katikati ya jiji. Soko hilo lilihamia hapo kutoka Newtown mwaka 1974. Wakulima huleta mazao, mawakala huyauza kwa niaba yao, na bei hubadilika siku hiyo hiyo kulingana na mzigo ulioingia. Wanunuzi si wenye maduka peke yao, na kuna sehemu iitwayo Mandela Market inayouza viwango vidogo. Viazi na vitunguu hufungwa mifuko ya kilo 10 iliyopimwa kwa mizani, kwa hiyo msomaji aliyezoea kupambana na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, hapati usumbufu huo.

Kwa unga, sukari na mafuta, chanzo ni maduka makubwa ya jumla. Kwa mchele, dengu na viungo, wengi huenda Fordsburg kwenye maduka ya Wahindi. Soko la Yeoville, lililo karibu na Bertrams, lina unga wa muhogo na samaki wakavu ambao Mkongo au Mtanzania hapati kwa urahisi kwingineko. Hakuna duka moja linaloshinda kwa kila kitu, na ndiyo maana safari ya mtu mmoja mwenye fedha kidogo hailipi.

Kundi linavyofanya kazi

Hapa ndipo stokvel inapoingia. Ni ndugu wa chama cha Kenya na kikoba cha Tanzania, na wengi huunda moja mahususi kwa ajili ya chakula. Wanachama huchanga kiasi kilekile kila mwezi kuanzia Januari, mweka hazina huandika, fedha hukaa benki, na mwishoni mwa Novemba au Desemba kundi linanunua kwa pamoja na kugawana. Chama cha taifa cha stokvel, NASASA, kilichoanzishwa mwaka 1988, kinakadiria kuwa kuna makundi zaidi ya 800,000 yenye wanachama zaidi ya milioni 11.

Siri yake ya kiufundi ni kwamba inamgeuza mtu mwenye randi chache kila mwezi kuwa sehemu ya mnunuzi mwenye maelfu kwa siku moja. Mnunuzi huyo anaweza kuomba bei kwa maduka matatu, kudai mzigo uletwe hadi mlangoni, na kugawa nauli kwa watu wengi. Ile hasara ya randi 5 ya mfano wetu inageuka faida mara tu watu kumi wanapopanda gari moja.

Lakini Desemba ina kasoro. Mavuno ya mahindi Afrika Kusini huanza karibu Mei, na bei ya nafaka kwa kawaida hulegea wakati huo. Ukame nao hutikisa kila kitu: Januari 2016 tani ya mahindi meupe ilipita randi 5,000, na katikati ya 2017, baada ya mavuno ya takriban tani milioni 16.8, ilishuka chini ya 2,000. Bei ya unga dukani hufuata kwa kuchelewa miezi kadhaa. Tena, Desemba Johannesburg ni majira ya joto na mvua, hali inayopendwa na fukusi na kuvu, ilhali Julai na Agosti ni miezi ya baridi na ukavu. Kundi makini lingegawa mchango wake mara mbili: sukari, mafuta na mchele Desemba wakati wa punguzo, unga na maharage mwezi wa Agosti.

Kulinda ulichonunua

Unga uliokobolewa, yaani sembe, hudumu kuliko dona, kwa sababu dona ina kiini chenye mafuta yanayochacha. Nunua dona ya mwezi mmoja tu. Mchele na maharage makavu yakijazwa hadi juu kwenye ndoo au dumu lenye mfuniko unaobana, wadudu hukosa hewa. Ndiyo kanuni ya PICS, mifuko ya nafaka isiyopitisha hewa iliyoenea Kenya na Tanzania. Inua vyombo juu ya sakafu, andika tarehe, na tumia cha zamani kwanza. Nafaka yenye unyevu usiikubali hata kwa bei ya bure: mwaka 2004 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125 nchini Kenya.

Kuna hatari kubwa zaidi. Oktoba 2024 watoto sita walifariki Naledi, Soweto, na Waziri wa Afya Aaron Motsoaledi akatangaza kuwa chanzo kilikuwa terbufos, dawa kali ya mashambani ambayo huuzwa mitaani kiholela kuulia panya. Katikati ya Novemba, Rais Ramaphosa alisema watoto wasiopungua 22 wamekufa kwa sumu ndani ya chakula. Chumba kimoja ndicho jiko, stoo na kitanda cha watoto. Sumu isiyo na lebo haina nafasi humo. Ziba matundu, tega mtego, funga vyombo.

Ewe msomaji uliyeko Bertrams, Yeoville au Dar es Salaam, usianze na gunia. Anza na watu watano unaowaamini, daftari, na ndoo zenye mifuniko. Kisha mkubaliane tarehe ya kununua kabla ya kuchanga senti ya kwanza.