Theluji na Rangi katika Picha za Saul Leiter

Saul Leiter, mchoraji na mpigapicha, alizaliwa Pittsburgh mwaka 1923, akahamia New York mwaka 1946, na huko ndiko alikofia mwaka 2013. Picha zake za rangi alianza kuzipiga mwaka 1948, lakini nyingi zilikaa masandukuni hata kilipotoka kitabu chake, Early Color, mwaka 2006. Tangu hapo amesifiwa mno, na aghalabu kwa sifa moja: kwamba picha zake za majira ya baridi zapendeza kwa kuwa zatukumbusha mji uliokwisha kupita. Sifa hiyo ni haba. Yampa marehemu kilicho cha wakati, ikamnyima kilicho chake.

Kilicho chake kilianzia katika kuchagua filamu. Wapigapicha wengi wa zama zake waliojihesabu kuwa wasanii walishikilia nyeusi na nyeupe. Rangi wakawaachia watu wa matangazo. Kwa upande wa theluji hoja yao haikuwa dhaifu: mji ukishafunikwa weupe, na mbingu ikawa majivu, rangi ya nini? Tena Kodachrome ya miaka ya 1950 ilikuwa na kasi ya ASA 10 tu, filamu ya kutamani jua. Leiter akaichukua katika siku zisizo na jua, na wala hakuona taabu kutumia mikanda iliyopitwa na tarehe, ambayo rangi zake huhama zitakavyo.

Mwenye filamu kama hiyo hana budi kulipanua tundu la lenzi na kuichelewesha kamera kufunga. Kilicho karibu au mbali na shabaha hufifia, theluji ianguk​ayo huwa michirizi, na mpita njia huwa kivuli. Mwingine angeziita kasoro. Leiter alizifanya lugha. Katika Canopy, ya mwaka 1958, sehemu kubwa ya picha ni weusi mtupu wa turubai la mlangoni. Chini yake umebaki ukanda mwembamba wa barabara, na mtu anapita ndani ya theluji. Weusi ule ndio utupao uzito wa baridi.

Sisi wa pwani kipupwe chetu hakina theluji, lakini mtihani wa weupe twaujua. Mpige picha mtu aliyevaa kanzu juu ya mchanga wa adhuhuri, ukifuata kipimanuru bila kufikiri: mchanga utatoka kijivu, na uso wake utapotea gizani. Chombo hicho hakijui nyeupe. Hudhani kila kitu ni cha wastani. Dawa yake ni kuongeza nuru hatua moja au mbili. Lakini filamu ya slaidi haina msamaha, ukizidisha kidogo tu weupe huungua. Leiter hakuutafuta weupe wa sabuni. Theluji yake mara ina ukijivu, mara ina ubuluu, na kwa hiyo katika Footprints, iliyopigwa kutoka juu yapata mwaka 1950, mwavuli mmoja mwekundu watosha kuijaza barabara nzima.

Hapo pana la kumlaumu pia. Mwavuli huo hurejea mno katika kazi zake, hata ukawa kama kina kilichozoeleka: sikio limeshakijua kabla hakijafika. Mimi naiweka juu zaidi Snow, ya mwaka 1960, ambamo kioo kimejaa mvuke na michirizi ya maji, na watu wa nje hawana nyuso. Humo hakuna pambo la kumfurahisha mtazamaji, atafute mwenyewe.

Kodachrome iliacha kutengenezwa mwaka 2009, na maabara ya mwisho iliyokuwa ikiisafisha ilikoma mwishoni mwa mwaka 2010. Ektachrome ilirejeshwa sokoni mwaka 2018, na zipo programu za kuzichakaza rangi kwa kubonyeza mara moja. Wako vijana wanaodhani kwamba filamu kuukuu na siku ya theluji vitawapa picha za Leiter. La hasha. Filamu humpa mtu mipaka tu. Pa kusimama, na cha kukiacha gizani, atachagua yeye. Mizani minane haijamfanya mtu malenga, japo hakuna utenzi bila mizani.